Nuru Inayowaamsha Askari wa Mwili

Ujumbe umekuwa ukizunguka katika simu za akina mama, kutoka kundi moja hadi jingine, ukidai kwamba wazungu wamegundua mwanga unaoyeyusha saratani na kwamba hospitali zinaificha habari hiyo kwa ajili ya fedha. Baadhi ya wasomaji wetu wametuletea ujumbe huo wakitaka kujua ukweli wake. Wengine wameambatisha picha za taa nyekundu zinazouzwa mitandaoni, wakauliza kama inafaa kumnunulia mgonjwa aliyelazwa nyumbani. Tumeona si vyema kujibu kwa ndiyo au la, kwani aliyeutunga ujumbe amefanya kama muuza maziwa asiye mwaminifu: maziwa yamo, na maji yamo, na anayeuziwa hajui kipimo cha kila kimoja.

Ukweli wenyewe ni huu. Tiba ya saratani kwa mwanga ipo, wala haijafichwa; imeidhinishwa katika nchi kadhaa tangu miaka ya 1990. Lakini mwanga peke yake hauui saratani. Unahitaji dawa maalumu iliyotangulia kuingia mwilini, unahitaji oksijeni iliyomo katika nyama na damu, na, jambo ambalo ndilo hasa lililotusukuma kushika kalamu, unahitaji askari wa mwili wa mgonjwa mwenyewe waamke na kuimaliza kazi. Taa inayonunuliwa mtandaoni na kuning'inizwa juu ya kitanda haina dawa, haina kipimo, wala haimwamshi askari yeyote.

Madhali wengi wetu tumekaa chuoni, huenda msomaji akapenda kujua kwamba kuunganisha dawa na jua ni fikra ya zamani. Huko Misri watu walizitumia mbegu za mmea ambao wataalamu huuita Ammi majus kutibu mbalanga, yale madoa meupe ya ngozi ambayo Waarabu huyaita baras. Mgonjwa alipewa mbegu hizo, kisha akawekwa juani. Ibn al-Baytar, mjuzi wa mimea aliyezaliwa Malaga katika Andalusi na kufariki Damascus mwaka 1248, aliieleza tiba hiyo katika kitabu chake kikubwa cha dawa na vyakula. Miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri walikitoa kiini cha mmea huo, kiitwacho soraleni, na daktari wa ngozi Abdel Monem El Mofty akakitumia kwa wagonjwa wake wa mbalanga. Tiba iliyotokana na kazi hiyo ingali ikitumika ulimwenguni.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, kama ilivyo ada yetu kila likitajwa jina la tabibu wa Kiislamu. Aliyoyaeleza Ibn al-Baytar ni matibabu ya madoa ya ngozi, saratani haimo. Tena soraleni hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na ikitumika kupita kiasi pamoja na mwanga huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Tunachokichukua hapo ni kanuni moja tu: kuna dawa ambayo hulala usingizi mpaka iguswe na nuru.

Kanuni hiyo iliibuka upya mjini Munich, Ujerumani, katika majira ya baridi ya 1897 kuingia 1898. Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, alikuwa akiichunguza rangi iitwayo akridini katika utafiti uliohusu malaria. Aliitia katika maji yenye vijidudu vidogo viitwavyo parameshia. Siku nyingine vijidudu vilikufa upesi, siku nyingine vikaishi, ilhali kipimo cha rangi kilikuwa kile kile. Mwanafunzi mvivu angalisema jaribio limeharibika, akayamwaga maji. Raab alitafuta sababu, akaiona katika mwanga wa chumba: penye nuru vilikufa, gizani vilinusurika. Mwaka 1903 von Tappeiner na daktari wa ngozi Albert Jesionek wakapaka rangi ya eosini juu ya uvimbe wa saratani ya ngozi, kisha wakaumulika.

Baada yao alikuja Friedrich Meyer-Betz, Mjerumani pia, ambaye mnamo 1912 alijidunga mwenyewe hematopofirini, dawa ya ukoo mmoja na ile rangi inayoifanya damu kuwa nyekundu. Alipotoka juani uso ulimvimba vibaya, na kwa zaidi ya miezi miwili hakuweza kulistahimili jua. Hatumsifu mtu kwa kujitia hatarini, lakini habari yake ni onyo ambalo madaktari hawajalisahau, na tutalirudia tutakapofika kwenye hali ya mgonjwa.

Dawa, mwanga na oksijeni

Tuieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Mgonjwa hupewa dawa ya rangi, kwa sindano, kwa kunywa au kwa kupakwa, kulingana na mahali pa ugonjwa. Dawa huenea, kisha hubaki zaidi na kwa muda mrefu zaidi katika seli za saratani kuliko katika nyama nyingi za kawaida zilizo jirani. Kwa dawa ya sindano iliyozoeleka, daktari husubiri kama siku mbili. Ndipo humulika mahali penye ugonjwa kwa leza nyekundu, ikipitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo ambao unaweza kuingizwa kooni au katika njia ya hewa.

Dawa ikiunyonya mwanga, huikabidhi nguvu ile kwa oksijeni iliyo karibu nayo. Oksijeni hii, ambayo kwa kawaida ndiyo uhai wetu, hugeuka kali na kuunguza kuta za seli kutoka ndani. Ukali wake hudumu kitambo kifupi mno, hata haiwahi kusafiri upana wa seli moja kabla haijatulia. Kwa hiyo madhara hutokea pale dawa na mwanga vilipokutana, na nyama ya kando ambayo haikumulikwa husalimika. Mishipa midogo ya damu inayoulisha uvimbe nayo huziba, na uvimbe ukakosa chakula.

Aliyeifikisha tiba hii hospitalini ni Thomas Dougherty, mwanasayansi wa Roswell Park katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 25 waliokuwa na uvimbe 113 wa ngozi na chini ya ngozi. Uvimbe 111 ulitoweka au ulipungua. Kanada iliiidhinisha dawa yao mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Marekani iliidhinisha mwaka 1995 kwa wagonjwa wa saratani ya umio ambao njia ya chakula imeziba.

Hapo kwenye umio tusimame kidogo, kwa sababu panatugusa. Kenya imo katika ule ukanda wa mashariki ya Afrika ambako saratani ya umio hupatikana kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji. Kwa wagonjwa wa namna hiyo mwanga ulikusudiwa kufungua njia ili mtu ameze, apate nguvu na faraja. Haukukusudiwa kuing'oa saratani yote. Huku kwetu kazi hiyo ya kufungua njia hufanywa aghalabu kwa kuingiza bomba dogo la wavu, na hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet inajulikana kwa ustadi huo. Tunayasema haya ili jamaa ya mgonjwa wa umio asiuze shamba kwenda ng'ambo kutafuta mwanga, ilhali faraja ile ile yamkini ipo safari ya basi moja.

Mwaka 1990 James Kennedy na Roy Pottier wa Kingston, Ontario, walileta ubunifu mwingine. Walitumia asidi ya aminolevuliniki, ambayo yenyewe haina rangi inayohitajika, lakini seli zikiipokea huigeuza zenyewe kuwa rangi ya tiba. Huweza kupakwa kama malhamu. Marekani iliikubali mwaka 1999 kwa yale mabaka makavu yanayoletwa na jua, ambayo yakiachwa baadhi huwa saratani ya ngozi. Wazazi wenye watoto wenye ualbino wanayajua mabaka hayo vyema, na kwa hao tunasisitiza kwamba jua lenyewe ndilo lililoyaleta. Kumwanika mtoto juani kwa kudhani ni tiba ni kumdhuru.

Kelele za seli inayokufa

Sasa tufike kwenye jambo lililowashangaza watafiti. Kwa miaka mingi walidhani kazi ya mwanga ni kuunguza tu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Lakini hesabu haikukubali. Wanyama wengine walipona saratani yote ijapokuwa mwanga haukuweza kuzifikia seli zote. Nani alizimaliza zilizobaki?

Ili kulielewa jibu, ni lazima kwanza tuelewe kwa nini kinga ya mwili huishindwa saratani. Askari wetu wa damu humtambua mgeni. Kijidudu cha kipindupindu kikiingia, hupigiwa kelele mara moja. Saratani haikutoka nje. Ni seli ya nyumbani iliyoasi, na mbele ya mlinzi ni kama mwizi aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba: anaingia na kutoka, na bawabu anamwitikia salamu. Tena saratani nyingine huwalaghai walinzi na kuwafanya waizuie kinga isishambulie. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuzifungua breki hizo.

Seli hufa kwa namna mbalimbali. Mwilini mwetu seli nyingi sana hufa kila siku kimya kimya, zikazikwa na majirani zake bila matanga. Kifo cha namna hiyo hakimwamshi askari. Lakini seli iliyouawa kwa dawa na mwanga mara nyingi hufa kwa kelele. Protini iitwayo kalretikulini, ambayo kawaida hukaa ndani, hupanda juu ya ngozi ya seli na kuwa kama bendera inayowaambia walaji wa mwilini: njooni mle. Vitu vingine vya ndani humwagika nje, na kumwagika kwake ni ishara ya hatari. Mahali hapo huvimba, hupata joto, na chembe nyeupe za damu hukimbilia kwa wingi.

Miongoni mwa wanaofika ni seli zenye matawi, ambazo Ralph Steinman alizitambua mwaka 1973. (Alitunukiwa Nobel mwaka 2011, akafariki siku tatu kabla tuzo haijatangazwa, naye hakuwa amepata habari.) Kazi ya seli hizi ni ya ualimu. Huokota vipande vya seli iliyokufa, huvibeba hadi kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki, na huko huwaonyesha askari wanaoitwa seli T: mtazameni huyu vizuri, hata akivaa kanzu msimwache. Askari waliofunzwa hutoka tezini, huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima.

Haya hayakusemwa kwa kukisia. Mwaka 1994 watafiti wa Milan, Italia, walitoa taarifa ya panya waliopona kwa tiba ya mwanga, ambao walipopandikizwa tena saratani ile ile, miili yao iliikataa. Mwaka 1996 Mladen Korbelik na wenzake wa Vancouver, Kanada, walichukua panya wa aina mbili, wenye kinga timamu na waliozaliwa bila askari hao, wakawatibu wote kwa mwanga. Uvimbe ulitoweka kwa wote hapo mwanzo. Kwa wenye kinga, wengi walipona moja kwa moja. Kwa wasio na kinga, saratani ilirudi. Mwanga ulikuwa ule ule, dawa ile ile. Kilichotofautiana ni jeshi la ndani.

Kwa wanadamu ushahidi ni mchache zaidi, nasi hatupendi kuutia chumvi. Mwaka 2007 madaktari wa Singapore walieleza habari ya mgonjwa mmoja mwenye saratani ya mishipa ya damu iliyotokea sehemu kadhaa za ngozi. Walimulika baadhi ya sehemu kwa mwanga wa nguvu ndogo uliotolewa polepole, na uvimbe mwingine ambao haukumulikwa nao ukanywea. Ulipochunguzwa ulikutwa na askari wa kinga. Ni mgonjwa mmoja, na hukumu haijengwi juu ya mmoja. Mwaka 2009 watafiti wa Buffalo walipima damu ya wagonjwa wa saratani ya ngozi kabla na baada ya tiba ya mwanga, wakaona seli za kinga zinaitambua saratani kwa nguvu zaidi baada yake.

Kuna na upande wa pili, ambao wauza taa hawautaji kamwe. Mwanga ukitolewa kwa kipimo kisichofaa unaweza kuidhoofisha kinga ya mahali pale badala ya kuiamsha. Watafiti wa Sydney, Australia, waliliona jambo hilo kwenye ngozi za watu waliojitolea. Kwa hiyo kipimo cha dawa, nguvu ya mwanga, kasi yake na muda wake si mambo ya kubuni. Kinachoiamsha kinga na kinachoilaza kinaweza kuwa ni mwanga ule ule katika mikono miwili tofauti.

Kutokana na ufahamu huu, Hisataka Kobayashi, daktari wa Kijapani katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, alikuja na mbinu ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na lile lililodaiwa katika simu zetu. Mwaka 2011 yeye na wenzake waliifunga rangi kwenye kingamwili, yaani ile protini inayoitambua seli fulani na kuishika. Kingamwili huipeleka rangi mpaka kwenye mlango wa seli ya saratani, na seli nyingine hazipokei. Ukipiga mwanga usioonekana kwa jicho, ulio jirani tu na wekundu, ukuta wa seli hupasuka katika muda wa dakika chache, na yaliyomo ndani yakamwagika mbele ya askari. Mwaka 2016 kundi lake lilifanya jambo la ajabu zaidi kwa panya: badala ya kuilenga saratani, waliwalenga wale walinzi walaghai wanaoizuia kinga. Walipouawa hao katika uvimbe mmoja, na uvimbe wa mbali ambao haukumulikwa nao ukapungua. Japani iliidhinisha dawa ya namna hii mnamo Septemba 2020 kwa saratani ya kichwa na shingo isiyoweza kukatwa. Hiroshi Mikitani, mwenye kampuni ya Rakuten, ndiye aliyetoa mali nyingi kuiendeleza, baada ya kumwuguza baba yake kwa saratani ya kongosho.

Hali ya mgonjwa

Mwanga mwekundu hauendi mbali ndani ya nyama, ni milimita chache tu, na kwa bahati nzuri hufikia kama sentimita moja. Jaribu usiku kuibana taa ya simu kwenye ncha ya kidole: utaona wekundu ukipenya. Ibane kwenye paja, hutaona kitu. Hivyo tiba hii inawafaa wenye ugonjwa ulio juu juu, kwenye ngozi, mdomo, njia ya hewa, umio, kibofu, au mabadiliko ya mwanzo kwenye shingo ya kizazi ambayo nayo imejaribiwa. Saratani iliyokwisha kutawanyika katika ini na mifupa haimulikwi. Nalo tumaini la kwamba askari waliofunzwa mahali pamoja wataifuata saratani mwili mzima bado linatafutiwa njia, na majaribio ya kuchanganya mwanga na zile dawa za kufungua breki za kinga yanaendelea. Mama mwenye uvimbe wa titi asiache upasuaji, mionzi wala dawa alizopangiwa kwa kungojea nuru.

Aliyedungwa ile dawa ya kwanza ya sindano hukaa na rangi mwilini kwa wiki nyingi. Huagizwa aliepuke jua kali kwa muda wa siku 30 au zaidi, pamoja na taa kali, asije akayapata ya Meyer-Betz. Hapa wengi hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza hupaka mafuta ya kuzuia jua akadhani yamemkinga. Mafuta hayo huzuia miale isiyoonekana, ilhali dawa hii huamshwa na mwanga wa kawaida wa macho. Kinga yake ni nguo nzito, glavu, kofia pana na miwani ya giza, na wale wanaojifunika kwa buibui na ushungi wajue kwamba kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga hakitoshi. Wa pili hujifungia katika chumba cha giza totoro mwezi mzima. Hilo nalo si sawa. Mwanga hafifu wa ndani ya nyumba huimaliza dawa iliyobaki kwenye ngozi kidogo kidogo, na madaktari humtaka mgonjwa akae nao. Dawa za kupaka au za kunywa zilizokuja baadaye hutoka mwilini upesi zaidi, kwa siku badala ya wiki.

Maumivu yapo. Mahali palipomulikwa huwaka, huvimba na kutoa ganda. Uvimbe huo ni sehemu ya ile kelele tuliyoieleza, ingawa anayeumwa hataona raha kuambiwa hivyo.

Kijaluba cha tambuu

Tumeacha kwa makusudi habari moja ya mwisho, kwa kuwa inaingia majumbani mwetu. Katika mji wa Aligarh, India, saratani ya mdomo ni msiba wa kila siku kwa sababu ya popoo na tumbaku za kutafuna. Madaktari wa huko walishirikiana na Tayyaba Hasan wa Massachusetts General Hospital na Jonathan Celli wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Boston. Hasan ni miongoni mwa waliovumbua dawa ya mwanga inayotumika kwa ugonjwa wa macho wa uzeeni. Walijiuliza: hospitali isiyo na leza ya gharama, na yenye umeme unaokatika, itafanyaje? Wakaunda kifaa kidogo cha taa ya balbu ndogo za kisasa, kinachotumia betri, chenye uzi wa kupeleka mwanga mdomoni, na wakaitumia kamera ya simu kuona kama dawa imeingia kwenye baka la ugonjwa. Mgonjwa hunywa asidi ya aminolevuliniki, husubiri, kisha humulikwa. Kimejaribiwa kwa wagonjwa wenye saratani ndogo za mwanzo za mdomo, na wengi wao uvimbe ulitoweka bila kukatwa ulimi wala shavu.

Neno la kuangaliwa hapo ni ndogo. Kifaa hicho hakikukusudiwa kwa donda lililokwisha kula taya.

Nasi watu wa pwani tuna uraibu ule ule, na umri wake kwetu ni mrefu. Jani la tambuu, popoo, chokaa, katu, na kwa wengine tumbaku juu yake, vimepangwa katika vijaluba vya bibi zetu vizazi na vizazi, na ni heshima kumkirimu mgeni kwavyo. Hatukusudii kuwavunjia heshima wakubwa wetu. Lakini mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha hitimisho lake kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa mwanadamu. Wengi walikuwa wakijituliza kwamba madhali hawatii tumbaku, wamo salama. Hawamo. Na siku hizi popoo hutafunwa na watoto wa shule, iliyotiwa utamu na kufungwa katika vipakiti vya rangi.

Basi mwombe bibi, kwa adabu, akae dirishani penye mwanga wa asubuhi, akifungue kinywa. Tazama ndani ya mashavu, chini ya ulimi na kando yake, na mahali anapoweka tambuu. Baka jeupe lisilofutika, baka jekundu kama mahameli, kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, uvimbe mgumu usiouma, au kinywa ambacho siku hizi hakifunguki tena kama zamani hata kijiko kinapita kwa taabu: lolote katika hayo ni la kupelekwa kwa daktari wa meno, hata kama haliumi, kwani saratani ya mdomo mwanzoni aghalabu haiumi. Daktari atatazama, atapapasa shingo kutafuta mitoki, na akishuku atakata kipande kidogo kama punje ya mchele, kwa ganzi, akipeleke kupimwa. Kipande hicho ndicho kitakachosema kama ni jino lililochongoka linalokwaruza ulimi, au ni jambo la kutibiwa wiki hii.